Namna ya Kuhuisha Mwongozo wa Mavazi na Mwonekano wa Watumishi wa Makumbusho

Kwa kawaida mwongozo wa mavazi hutolewa kabatini siku ambayo mtu amekwazika. Mkuu wa idara ameona msuko asioupenda, mgeni amelalamika kwamba hakumtambua mwongoza wageni, au mtumishi amerudishwa nyumbani asubuhi kwa sababu ya viatu. Hapo ndipo inapogundulika kwamba waraka wenyewe ulichapwa kwa taipureta, kwamba unamtaka mtumishi wa kike avae soksi ndefu za nailoni hata mwezi Januari, na kwamba hausemi lolote juu ya mtu anayeingia ghala la mikusanyo akiwa na bangili nane mkononi.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya maofisa utumishi, wahifadhi na wajumbe wa mabaraza ya wafanyakazi waliopewa kazi ya kuhuisha waraka wa namna hiyo katika makumbusho za Dar es Salaam, ziwe za umma au za binafsi. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: kila kanuni ya mavazi itakayobaki iweze kueleza inamlinda nani au inalinda kitu gani. Isiyoweza kueleza, ifutwe.

Hatua ya 1: Tazameni kazi kabla ya kushika kalamu

Kosa la kwanza la kamati nyingi ni kukaa kwenye chumba cha mikutano na kuanza kujadili urefu wa sketi. Tengeni wiki moja ya kuzunguka na kutazama tu. Makumbusho si mahali pamoja pa kazi, ni mahali pengi palipokusanywa chini ya nembo moja. Jumba la Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert lina kumbi zenye sakafu laini na makabati ya vioo, ilhali Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Bagamoyo, ni uwanja wa wazi wenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ambako mwongoza wageni hukanyaga udongo na mchanga, huinama kuingia milango mifupi na hutembea juani saa nzima. Kiatu cha ngozi chenye soli laini kinachomfaa wa kwanza kitamtelezesha wa pili siku ya kwanza ya masika.

Kwa kila nafasi ya kazi andikeni majibu ya maswali manne: mtumishi huyu anagusa nini, anasimama wapi na kwa muda gani, anakutana na nani, na anafikaje kazini. Swali la mwisho husahauliwa karibu kila mara, na ndilo lenye majibu ya kushangaza. Mtumishi anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto amesimama ndani ya daladala iliyoshona, pengine amebadilisha gari Kariakoo, na kama ni mwezi wa nne amevuka madimbwi mawili kabla ya kufika getini. Kumdai shati jeupe lililonyooka saa mbili asubuhi bila kumpa mahali pa kubadilishia nguo ni kumwadhibu kwa umbali anaoishi. Ikiwa jibu lenu ni kwamba sare ivaliwe kazini, basi chumba cha kubadilishia nguo, chenye mlango unaofungwa na makabati yenye kufuli, ni sehemu ya mwongozo wa mavazi, nacho kiandikwe humo humo.

Wahesabuni pia wale ambao orodha ya mishahara haiwataji. Wasafishaji na walinzi wanaoletwa na kampuni za nje, wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, wanaojitolea na wacheza ngoma wa mwisho wa wiki wote huonwa na mgeni kuwa ni watu wa makumbusho.

Hatua ya 2: Wekeni sheria mezani mapema

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ambayo ni pamoja na dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Maneno ya kusoma kwa makini ni hayo ya njia isiyo ya moja kwa moja, kwa sababu kanuni za mavazi huumiza kwa njia hiyo. Kanuni isemayo kwamba hakuna kuvaa kitu kichwani ndani ya jengo imeandikwa kwa ajili ya watu wote, lakini wanaoguswa nayo ni mwanamke anayevaa ushungi na mzee anayevaa kofia ya kiua. Sheria hiyo hiyo inakubali tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe, na hapo ndipo majibu ya maswali manne ya hatua ya kwanza yanapoanza kuwa na faida, maana mtakuwa mnaweza kuonyesha mahitaji hayo badala ya kuyadai.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, nayo isomwe kwa kuangalia mifano ya hapa kwetu. Mtumishi mwenye ualbino anayeongoza wageni uwanjani anahitaji kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua, kwa hiyo sare ya fulana ya mikono mifupi isiyo na mbadala inamtoa kazini kimyakimya. Suala hili lisiachwe lipitie kwenye kifungu cha maombi maalumu. Andikeni tangu mwanzo kwamba kila mtumishi wa nje anapewa kofia pana na anachagua urefu wa mikono, kisha mtu asilazimike kwenda ofisini kueleza ngozi yake.

Taasisi za umma zina jambo la ziada. Serikali ilitoa waraka wa utumishi wa umma mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi, na mwongozo wa ndani hauwezi kwenda kinyume nao. Unachoweza kufanya ni kuufafanua kwa mazingira ya ghala, karakana na uwanja, ambayo waraka wa watumishi wote haukuweza kuyafikiria.

Hatua ya 3: Tenganisheni usalama wa mikusanyo na suala la kupendeza

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mrefu kuliko nyingine zote. Katika miongozo ya zamani, kanuni ya pete hukaa mstari mmoja na kanuni ya rangi ya kucha, kana kwamba zote mbili ni mambo ya heshima tu, na matokeo yake mtumishi akishaona moja haina maana huzipuuza zote. Fungueni sehemu mbili zenye vichwa tofauti, na ya kwanza iwe ya kulinda vioneshwa.

Ili mwone kwa nini, simameni ghalani dakika kumi wakati mtumishi anasogeza chungu. Kitambulisho kinachoning'inia kwenye kamba ya shingoni kinabembea mbele yake kila anapoinama, na kile kipande cha plastiki kigumu kinagonga mdomo wa chungu mara mbili kabla hajakishika sawasawa. Hakuna aliyefanya uzembe. Kamba hiyo ilitolewa na ofisi yenyewe, na mwongozo uliokuwepo unamlazimisha kuivaa muda wote. Kanuni mpya iseme kwamba ndani ya ghala na karakana kitambulisho hubanwa kifuani au mkononi kwa klipu, na kamba huachwa mlangoni.

Kwa kufuata mantiki hiyo hiyo, pete zenye vito, bangili, saa za chuma, mikufu mirefu na hereni za kuning'inia huvuliwa kabla ya kushika kioneshwa, kwa sababu hukwaruza ngozi ya ngoma, hunasa kwenye nyuzi za vikapu na kuvuta shanga. Pete laini ya ndoa isiyotoka inaweza kufunikwa kwa glovu. Mifuko ya shati isibebe kalamu ya wino, maana ghalani hutumika penseli. Bizimu kubwa la mkanda ligeuziwe pembeni au lifunikwe na aproni. Nywele ndefu zifungwe nyuma, na ncha za ushungi zichomekwe ndani ya koti la kazi. Mafuta ya kupaka mikononi yaoshwe kwanza, kwa kuwa hubaki juu ya mbao na karatasi.

Kuhusu glovu, msiandike kwamba zivaliwe kila wakati. Chumvi na unyevu wa vidole huacha alama kwenye shaba, fedha na chuma, alama ambazo kwa joto na unyevunyevu wa mwambao huu huota kutu haraka, kwa hiyo metali zishikwe kwa glovu za nitrili, yaani za mpira wa kutengenezwa viwandani. Glovu za pamba, ambazo wengi huziona ndizo alama ya makumbusho, huteleza juu ya vigae na vyungu vilivyong'arishwa na hunasa kwenye mbao zenye vibanzi, na kwa vitu hivyo mikono safi iliyokaushwa vizuri mara nyingi ni salama zaidi. Mhifadhi ndiye aamue kwa kila aina ya kitu, na uamuzi wake ubandikwe mlangoni mwa ghala.

Kuna pia ulinzi wa mtumishi mwenyewe. Ndege na wanyama waliokaushwa, pamoja na vitu vya manyoya na ngozi vilivyokusanywa zamani, viliwahi kupakwa aseniki na sumu nyingine za wadudu katika makumbusho nyingi duniani, na mabaki ya sumu hizo hubaki kwenye vumbi. Anayevishughulikia avae koti la kazi, glovu na barakoa, na koti hilo lifuliwe na taasisi, lisibebwe kwenye mfuko kwenda kufuliwa na nguo za watoto. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inaweka jukumu la vifaa kinga juu ya mwajiri, kwa hiyo bei ya makoti hayo isiingizwe kwenye posho ya sare.

Hatua ya 4: Andikeni upya vifungu vya nywele, dini na mwili

Neno la kuliogopa katika waraka wa zamani ni "nadhifu". Kila mtu analikubali mpaka aulizwe maana yake, na hapo anayelitafsiri ni msimamizi wa zamu. Nimekaa kwenye kikao ambacho wajumbe sita walitumia saa nzima kubishana kama dredi ni nadhifu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama zinazuia kazi yoyote. Zikishafungwa nyuma, hazizuii.

Badilisheni vivumishi kwa vitendo vinavyoonekana. Mahali palipoandikwa "watumishi wawe na nywele nadhifu na zisizovutia macho kupita kiasi", wekeni maneno ya namna hii: "Nywele za mtindo wowote, ziwe za asili, za kusuka, dredi au wigi, zinakubalika zikiwa safi; zifungwe nyuma wakati wa kushika vioneshwa au kutumia mashine." Ndevu zipewe kifungu cha aina hiyo hiyo, na kanuni ya kuzipunguza iwekwe pale tu zinapozuia barakoa kubana uso.

Ushungi na kofia ya kiua viwe sehemu ya sare, si msamaha. Tofauti inaonekana dukani: vikiwa sehemu ya sare, taasisi hushona ushungi miwili kwa kitambaa na rangi rasmi kwa kila anayeuhitaji, lakini vikiwa msamaha, mtumishi hujinunulia na baadaye huambiwa rangi haikulingana. Hina na piko visitajwe kabisa, isipokuwa kusema kwamba vikishakauka na kubanduliwa haviachi kitu kwenye vioneshwa. Tatoo zibanwe na kanuni moja tu, kwamba michoro au maneno ya matusi au ya kubagua yafunikwe. Sketi kwa wanawake na suruali kwa wanaume kama sharti la pekee liondoke, maana mwongoza wageni wa kike anayepanda ngazi mbele ya wanafunzi arobaini wa shule ya msingi anajua kwa nini anataka suruali. Mjamzito apewe ukubwa mwingine wa sare bila kurudisha ule wa kwanza, kwa sababu atauhitaji tena.

Agosti 2022, huko Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maana mpya ya makumbusho inayozitaka ziwe wazi, zifikike na ziwe jumuishi. Ni vigumu kuibandika maana hiyo ukutani huku dada wa mapokezi amekatazwa nywele zilizoota kichwani mwake.

Hatua ya 5: Amueni mpaka kati ya sare na kioneshwa

Katika makumbusho nguo yenyewe ni somo, na hili halimsumbui ofisa utumishi wa benki. Mcheza ngoma aliyevaa vazi la maonesho yuko kazini, lakini vazi hilo si sare, na isiruhusiwe kwamba baada ya ngoma apelekwe mapokezi nalo kwa sababu wageni hupenda kupiga picha. Asiyetoka katika jamii husika asilazimishwe kuvaa vazi lake, na anayetoka humo naye asilazimishwe kwa hoja kwamba ni la kwao. Kitu cha mikusanyo, hata kikiwa na nakala kumi, hakivaliwi. Yanayovaliwa yawe yameshonwa kwa ajili hiyo na yahifadhiwe mbali na ghala, kwa kuwa jasho na vumbi la uwanjani huleta wadudu.

Taasisi ikichagua khanga kwa siku za Ijumaa, jambo ambalo linapendeza na linauzika, kamati isiangalie pindo na mji tu. Isome jina. Mwongoza wageni aliyejifunga khanga iliyoandikwa kijembe, akamgeuzia mgongo mgeni anayejua Kiswahili, amekwisha kusema naye kabla hajafungua kinywa. Ikiwa khanga itachapwa mahsusi, jina lake lipitiwe na watu wa rika tofauti, wakiwemo akina mama wa mjini, ambao wataona kilichofichwa mahali ambapo ofisa mawasiliano ameona methali tu.

Hatua ya 6: Jaribuni kitambaa kabla ya kununua majora

Mwongozo mzuri huharibikia kwa fundi. Nunueni yadi chache za vitambaa vitatu, shoneni sampuli, na wapeni watumishi watatu wa kazi tofauti wazivae wiki mbili, ikiwezekana kati ya Desemba na Machi, joto linapokuwa kali. Tazameni mgongo wa anayesimama nje saa nane mchana: kitambaa chenye poliesta nyingi kitakuwa kimegandamana na ngozi, na rangi ya samawati isiyokolea itakuwa imechora ramani ya jasho kutoka mabegani hadi kiunoni. Pamba tupu hupumua lakini hujikunja na kuchuja, kwa hiyo mchanganyiko ambao pamba ndiyo nyingi mara nyingi ndio suluhu. Fueni kila sampuli mara tano na kuianika juani kabla ya kuamua, mkijua kwamba nyumbani wapo watakaotia jiki.

Kitambaa chote cha mwaka kinunuliwe kwa mkupuo mmoja, kutoka majora ya rangi moja. Kampuni moja niliyoifahamu ilirudi dukani Kariakoo baada ya miezi minne kuchukua "kile kile", na wafanyakazi wapya wakawa na sare ya kijani iliyokuwa kama binamu wa ile ya kwanza. Fundi aje kazini kupima watu mmoja mmoja, wanawake wapimwe na mwanamke wakipenda, na nembo idariziwe, isichapishwe, maana ya kuchapishwa hupasuka kwa pasi.

Gharama ziandikwe bila kificho. Kinachodaiwa na mwajiri kilipwe na mwajiri, na idadi itajwe: kwa hali ya hewa ya hapa, mtumishi anayekutana na wageni siku tano kwa wiki hawezi kukaa vizuri na sare zisizofika tatu. Msiandike kwamba sare iliyopotea itakatwa kwenye mshahara kabla ya kusoma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira, ambacho hakimruhusu mwajiri kukata apendavyo.

Hatua ya 7: Pelekeni rasimu kwa wahusika, kisha itieni nguvu

Rasimu isomwe kwenye baraza la wafanyakazi au na chama cha wafanyakazi, kwa Kiswahili, ikiwa na safu ya pembeni inayoeleza sababu ya kila kanuni. Wasafishaji na walinzi wa kampuni za nje waalikwe pia, na mkataba wa kampuni husika urekebishwe ili usipingane na mwongozo. Toeni angalau wiki mbili za maoni, na kila lililokataliwa lijibiwe.

Kuhusu nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira, zinaelekeza kurekebisha kabla ya kuadhibu. Mwenye kasoro aitwe faraghani, aelezwe kanuni na sababu yake, na apewe nafasi ya kurekebisha. Asirudishwe nyumbani ikiwa kuna koti la akiba kabatini, na lazima liwepo. Ukaguzi wa nguo za wanawake usifanywe na msimamizi wa kiume, wala usifanyike mbele ya wageni. Aliyeingia ghalani na bangili atolewe mara moja bila majadiliano, kwa sababu hapo hatari ni ya papo hapo, lakini hata yeye aandikiwe onyo pale tu anaporudia.

Hatua ya 8: Wekeni tarehe, na kusanyeni sare za zamani

Mwongozo uwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kupitiwa tena na cheo cha ofisa anayepokea maombi na malalamiko. Nakala za zamani zitolewe kwenye mbao za matangazo na kwenye mafaili ya waajiriwa wapya. Sare mpya zigawiwe kwa idara nzima kwa siku moja, ili wageni wasikutane na rangi mbili kwenye lango moja.

Sare za zamani zirudishwe na zihesabiwe dhidi ya daftari la kugawia, zikiwemo za waliostaafu na za wanafunzi waliomaliza mafunzo. Zinazofaa zinaweza kugawiwa, lakini kwanza nembo ifumuliwe au ikatwe kwa mkasi, hata ikibidi kuacha tundu kifuani, kwa sababu shati lenye nembo likishafika kwenye rundo la mitumba, mlinzi wa getini hana njia ya kujua kwamba aliyelivaa si mtumishi. Walinzi wapewe picha ya sare mpya na ya zamani kwa pamoja, pamoja na tarehe ambayo ya zamani inakoma kumpitisha mtu.